Ng'ombe wa Bibi Kwenye Seva

Moshono, Jumamosi alasiri

Mwanangu Elisante,

Siwezi kukuuliza hali kama barua zinavyotaka, maana saa mbili zilizopita nilikuona kwa macho yangu ukimaliza sahani ya pili ya loshoro na kujifuta mdomo kwa mkono wa shati. Hujambo kabisa. Sasa umepanda kwa Bibi kumuaga, na kwa ninavyomjua Bibi hatakuruhusu kuondoka kabla ya jua kuzama, kwa hiyo nyumba ni yangu kwa muda na nimekaa kwenye meza ya jikoni na karatasi. Mwandiko utausamehe. Miaka ishirini ya kuandika kwenye kompyuta imeuharibu, na hata kabla ya hapo haukuwa wa kujivunia.

Mambo ya basi la alfajiri, mashuka, nani atakupokea Dodoma na siku gani ufue, sitayagusa. Baba yako ameyaandika yote, kwa namba, akayabandika kwenye mlango wa friji kana kwamba friji ndiyo inayosafiri. Ukisahau kufua, hilo ni lako na yeye.

Mimi nina jambo moja. Nimekaa nalo wiki tatu, tangu siku ulipoingia na barua ya kazi ukiimba mpaka majirani wakajua. Uliniwekea mkononi ukasema, "Soma, Mama, soma mpaka chini." Nikasoma mpaka chini. Chini kulikuwa na sahihi ya mkuu wa idara atakayekusimamia, na ile sahihi niliitambua kabla sijalifikia jina. Ukaniuliza mbona nimenyamaza, nikasema ni furaha. Furaha ilikuwepo, sikukudanganya. Ila aibu nayo ilikuwepo, na ndiyo iliyoniziba mdomo.

Anaitwa Anjela. Nimewahi kufanya naye kazi, na nilimkosea. Keshokutwa utakaa mbele ya meza yake, nami sitaki usikie habari hii kwake, wala kwa mtu wa pembeni, kabla hujaisikia kwangu. Nitakueleza yote, na sehemu nyingine unazijua tayari, nitaeleza tu ili hata baba yako akiisoma barua hii aelewe.

Unakumbuka nilipokuwa kwenye kile chama cha wafugaji wa maziwa, ofisi yetu ikiwa Themi. Niliwatengenezea mfumo, na mfumo ule haukuwa programu moja kubwa. Ulikuwa programu ndogo sita, kila moja kwenye seva yake, zikitumiana ujumbe. Moja ilipokea uzito wa maziwa kutoka kwenye simu za makarani wa vituo. Moja ilitunza orodha ya wafugaji. Moja ilikuwa na kazi ya kutuma habari kwenye simu za watu: wafugaji waliambiwa maziwa yao yamefika, na madereva wa malori waliambiwa kila asubuhi nani apite kituo kipi. Hizo nyingine hazihusiki hapa.

Siku ya kuzipa majina nilikuwa na raha zangu. Wenzetu wengine hutumia majina ya sayari au ya milima. Mimi nikasema hizi ni programu za maziwa, za watu wa Meru, na kwetu ng'ombe wa bandani ana jina lake. Nikazipa majina ya ng'ombe wa Bibi. Kibonge, aliyekula kuliko wenzake wote, akawa ghala la kumbukumbu. Malaika, mpole, akawa orodha ya wafugaji. Tausi, yule aliyelia kuanzia saa kumi na moja asubuhi mpaka apate majani, akawa mtuma ujumbe. Nilijiona nimefanya jambo la maana sana. Nilimpigia Bibi simu kumweleza, akacheka, akaniuliza kama Kibonge wa kwenye kompyuta naye anamaliza pumba za wenzake.

Baada ya mwaka hivi Tausi alielemewa. Kazi zilikuwa nyingi, nikamgawa. Ile kazi ya kuwatumia wafugaji ujumbe nikaihamishia kwenye programu mpya, nikaiita Zawadi, kwa sababu Zawadi alikuwa ndama wa Tausi. Tausi akabaki na kupanga malori tu. Kichwani mwangu kila kitu kilikuwa wazi. Nilikuwa nimekulia kwenye banda lile, nilijua nani mama na nani ndama. Sikuandika popote. Jina lilikuwa halisemi kazi, kwa hiyo kazi ilipohama, hakuna mtu aliyeona kwamba kuna kitu kimebadilika.

Anjela alikuwa ameajiriwa kabla ya hapo. Binti wa Machame, mchapakazi, mwenye kucheka kwa sauti kubwa kuliko mwili wake. Wiki yake ya kwanza nilimkalisha nikamsimulia ng'ombe wote, mmoja mmoja, na tabia zao. Tulicheka mpaka machozi. Yeye aliniita dada, na mimi nilimchukulia hivyo.

Sasa njoo kwenye siku yenyewe, ambayo wewe unaikumbuka kwa ile suti iliyokubana mabegani. Kipaimara chako. Sisi wote tulikuwa kanisani, na simu yangu nimeizima iko ndani ya pochi. Anjela ndiye aliyekuwa zamu ofisini, peke yake, kwa kuwa ng'ombe hawajui Jumapili.

Asubuhi ile wafugaji wakaanza kupata ujumbe uleule, tena na tena, kila dakika. Mzee mmoja alipiga simu ofisini akamwambia, "Binti, simu yangu inalia kama kuna mtoto mchanga ndani, zimeni hicho kitu." Anjela akanipigia. Mara tatu. Halafu akafanya ambacho mfanyakazi mwenye akili angefanya: akaangalia orodha ya programu. Akaona Kibonge, Malaika, Mrembo, Pendo, Sinyati, Tausi, Zawadi. Akakumbuka hadithi niliyomsimulia mwenyewe, kwamba mpiga kelele ni Tausi. Akamzima Tausi.

Na balaa likawa hivi, kwamba dakika chache baadaye kampuni ya simu ilichoka na ujumbe wetu ikauzuia. Simu za wafugaji zikatulia. Anjela akaamini amemaliza kazi vizuri. Aliandika kwenye daftari la zamu: "Tausi amezimwa, ujumbe umekoma."

Huku chini madereva wamekaa kwenye maegesho wanasubiri orodha kwenye simu zao, kama walivyozoea. Hakuna orodha. Wakafikiri Jumapili hiyo vituo vimechelewa kupokea. Na huko juu, vituo vyetu vidogo havikuwa na mashine ya kupozea, maziwa yalipaswa kuondoka kabla jua halijakolea. Mpaka saa sita mchana yalikuwa yameanza kuganda kwenye makopo. Kiwanda hakipokei maziwa ya namna hiyo. Watu walirudishiwa makopo yao kituoni, akina mama waliokuwa wameamka gizani kukamua, waliteremka nayo na sasa wanapanda nayo. Kopo la Bibi nalo lilirudishwa. Alikuwa amekuja kwenye sherehe yako na gauni lake la zambarau, na jirani yake akamletea habari pale pale kwamba kopo lake liko mlangoni.

Mimi niliwasha simu wakati unashika kisu cha keki. Ulinitazama ukaniuliza kama ukate bila mimi. Nikakuambia kata, nikaenda nje kwenye gari. Najua hiyo unaikumbuka, maana umewahi kunitania kwamba nilikimbia keki. Sasa unajua nilikimbilia wapi.

Jumatatu tulikaa kikao. Meneja alikuwa mtu wa maneno machache na alikuwa amekasirika kwa haki. Alikuwa ametukanwa na watu siku nzima. Akauliza, "Nani alizima?"

Nikasema, "Anjela."

Ndilo neno lote nililosema. Lilikuwa kweli. Daftari lilikuwa mezani, limeandikwa kwa mkono wake. Anjela akageuka akanitazama, akasubiri. Alisubiri niseme kwamba majina yale niliyaweka mimi, kwamba kazi ya Tausi niliibadilisha mimi na sikumwambia, kwamba mtu yeyote kwenye kile kiti angezima programu ileile. Nilikuwa naogopa, Sante. Nilikuwa mkuu wa kitengo, mwanamke pekee kwenye meza ile ukimtoa yeye, na nilikuwa nimesifiwa sana kwa mfumo ule. Nikashusha macho nikajifanya natafuta kitu kwenye daftari. Mwisho wa mwezi mkataba wake haukuongezwa. Alikusanya vitu vyake kwenye mfuko wa kitenge, akapita kwenye meza yangu akasema, "Haya, dada, baki salama." Hakuwa na kejeli. Ingekuwa afadhali angekuwa nayo.

Ningependa kukuambia kwamba nilijirekebisha wiki ile ile. Hapana. Nilibandika karatasi ukutani yenye majina ya ng'ombe na kazi zao, nikaendelea kuringa. Aliyenifungua macho ni Bibi, na bila kujua.

Ilikuwa ule mwaka alipoteleza bandani akaumia nyonga. Nilipanda kwenda kukamua, nikakuta jirani yake ameshaanza, na anafanya kila kitu sawasawa, ingawa hajawahi kuingia banda lile hata siku moja. Nikamuuliza amejuaje ndoo ipi ni ipi. Akanionyesha. Ndoo zimepangwa, na kila moja imeandikwa kwa rangi ya bluu: KUKAMULIA. MAJI YA KUOSHA KIWELE. YA NDAMA. DAWA, USIGUSE. Wewe ndiye uliyeandika, ukiwa na miaka kumi, kwa rangi iliyobaki ya geti letu, na ulilalamika siku nzima kwamba Bibi anakutumikisha likizo.

Nikaingia ndani nikamuuliza Bibi mbona ng'ombe kawapa majina mazuri hivi na ndoo ndizo anaziita hivyo, bila hata kupendeza. Alikuwa amelala na mto chini ya mguu. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa mbona mlango una kitasa.

"Ng'ombe naishi naye," akasema. "Nikimwita anaitika. Ndoo haiitiki. Ndoo anaishika yeyote atakayekuja mimi nikiwa kitandani hapa."

Kisha akaniuliza kama nimemletea majani ya chai, na habari ikaishia hapo kwa upande wake. Mimi nilitoka nje nikakaa kwenye kile kigogo karibu na migomba, nikalia. Nilimkumbuka Anjela peke yake kwenye ile ofisi, na mbele yake orodha ya ng'ombe wa mtu mwingine.

Msimu mzima wa masika ule nilikuwa nabadilisha majina. Si kazi ndogo, utaijua. Jina la programu likishazoeleka linajificha kila mahali, kwenye programu nyingine zinazoiita, kwenye madaftari, kwenye midomo ya watu. Unalitoa hapa linachomoza kule. Nilikuwa namsomea baba yako majina mapya wakati wa chakula, maana yeye ni mwalimu wa jiografia na hajui lolote, na ndiyo faida yake. Nilimwambia asikie jina tu, kisha aniambie anafikiri inafanya nini. "Pokea Uzito wa Maziwa" akapata. "Tuma Ujumbe kwa Wafugaji" akapata, akasema hata mtoto angepata. Nikamletea moja niliyoipenda kwa jinsi inavyotamkika, "Kichakataji Kikuu." Akatafuna, akameza, akaniuliza, "Kinachakata nini?"

Nikaanza kumweleza, nikaeleza mpaka chakula chake kikapoa. Hapo nikagundua kwamba ile programu yenyewe ilikuwa na kazi tatu zisizohusiana, na ndiyo maana haikukubali jina la kueleweka. Niliigawa. Hii nakuambia kwa sababu itakutokea: utakaa na kitu saa nzima unatafuta neno, utajilaumu kwamba huna msamiati, kumbe kosa liko kwenye kitu chenyewe. Kitazame tena kabla hujaongeza maneno.

Nilikosea na vingine. Niliwahi kuita programu moja "Njiro" kwa kuwa seva yake ilikuwa Njiro, tukahamisha seva, jina likabaki linawadanganya watu miaka miwili. Niliwahi kuita nyingine "Ratiba Mpya," na usiniulize ile ya baada yake niliiitaje. Nakuambia haya ucheke. Utabuni ya kwako, na sitakuwepo kukuona, jambo linalonisikitisha kidogo kwa kuwa ningecheka vizuri sana.

Ila kuna kitu kimoja sikukibadilisha. Majina niliyarekebisha, Anjela sikumtafuta. Kwanza nilisema amekasirika, nimpe muda. Halafu nikasema muda umepita sana, nitamkumbusha machungu. Nilipata namba yake miaka mitano iliyopita na nimeihamisha kutoka simu hadi simu. Miaka kumi, mwanangu. Unaondoka nyumbani ukimwacha mama anayejua kurekebisha seva iliyo Mwanza akiwa jikoni, na ameshindwa kupiga simu moja.

Naona wingu limeshuka mlimani, kilele hakionekani tena, utakuja umelowa. Nimesoma nilichoandika mpaka hapa na nimejichukia kidogo. Siwezi kukukabidhi barua hii ikiwa hivi, kwamba wewe ndiye unayekwenda mbele yake na mimi nimejificha nyuma ya karatasi. Naweka kalamu chini. Nampigia.

Nimerudi. Chai imepoa na naandika haraka kabla hujafika, kwa hiyo mwandiko sasa ndio umekwisha kabisa.

Alipokea kwenye mlio wa pili. Nilijitaja jina. Akasema, "Shikamoo, dada."

Bado ananiita dada. Nikaitikia kwa sauti ya mtu mwenye mafua.

Nikamwambia, "Anjela, siku ile kwenye kikao nilipaswa kusema majina yalikuwa yangu. Na kwamba kazi ya Tausi niliihamisha bila kukuambia. Nilijua, nikanyamaza. Naomba unisamehe."

"Nilijua unajua," akasema. "Nilikaa nikisubiri useme. Pale mezani, halafu mwezi mzima, halafu nikaacha kusubiri." Akaendelea, "Iliniuma sana, dada. Nisikudanganye. Nilirudi Machame nikamwambia mama nimefukuzwa kwa sababu ya ng'ombe."

Sikujua kama nicheke. Alicheka yeye kwanza, kile kicheko chake, hakijapungua hata kidogo.

Nikamwambia habari zako, kwamba yule kijana anayeripoti kwake Jumatatu ni mwanangu. Hakuwa na habari. Ukoo wetu ni mkubwa na jina la baba yako halimwambii kitu, na wewe hukumtaja mama yako popote, jambo ambalo nilitaka kulikasirikia ila leo nalishukuru. Alisema alikuchagua kwa sababu kwenye mtihani wao ulikuwa mwombaji pekee ambaye programu zake alizielewa kabla hajazifungua. Ulizipa majina ya kazi zake tu, akasema, majina ya kawaida kabisa. Nikamwambia mtoto huyo alianza kwa ndoo. Nilimweleza habari ya ndoo, akataka niirudie.

Akasema pia, na hili nalinukuu ulijue kabla hujafika, "Atakuja kama yeye mwenyewe. Akikosea nitamwambia, akifanya vizuri nitamwambia. Ya kwetu mimi na wewe tumeyaongea leo." Kwa hiyo usimwombe radhi kwa niaba yangu, wala usitembee kwa kunyata mbele yake. Msalimie kama unavyowasalimia wakubwa wako, ufanye kazi. Kama siku moja watu wamekaa mezani na mtu anaulizwa swali ambalo jibu lake wewe unalo, fungua mdomo. Utaogopa, mimi niliogopa. Ongea hivyohivyo ukiwa unaogopa.

Nasikia geti. Ni wewe, na kwa mlio huo Bibi amekupa ndizi mkungu mzima, nao utaupeleka Dodoma utake usitake. Nakunja karatasi niisukume kwenye begi la kompyuta kabla hujaingia. Nina furaha leo, Sante, furaha isiyo na kitu nyuma yake. Ile ya wiki tatu zilizopita ilikuwa na kasoro, hii haina.

Lililobaki ni moja. Tulipokuwa tunaagana Anjela aliniuliza, "Hebu niambie, dada, ile Tausi mwishowe mliiita nini?"

Nikamwambia, "Panga Malori ya Maziwa."

Alilirudia jina polepole, neno kwa neno.

"Hiyo," akasema, "nisingeizima."

Mama yako